Watoto Wakati wa Msiba
Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na waumini wa Chato



Wakubwa wetu wa jubilei wamenipa kazi ya kusema juu ya watoto, jinsi ya kuwalinda na kuwatunza wakati nchi inapopatwa na msiba mkubwa, kama vita, gharika, tetemeko la ardhi, maradhi ya kuambukiza, au watu wengi kuhama kwao kwa ghafula. Nimeipokea kazi hiyo kwa furaha, wala si kwa wepesi. Maana liko shauri lililokwisha kusemwa kati yetu, ya kwamba zawadi ya jubilei iwe nyumba kubwa ya kulelea watoto wa msiba, ijengwe kando ya barabara kuu, bati lake lionekane kutoka mbali. Michango yake imeanza kutolewa. Basi nasema mapema, ili mtu asikae akinisikiliza akitafuta nataka nini: mimi naona nyumba hiyo haifai kuwa kazi yetu ya kwanza. Nitawaeleza sababu zangu, nanyi mtazipima.

Mambo haya si ya kusimuliwa kwetu kutoka mbali. Kabla wilaya ya Chato haijafanywa mwaka 2005, sisi tulikuwa sehemu ya Biharamulo, na Biharamulo na Ngara zote zilikuwa katika mkoa wa Kagera. Katika mkoa wa Geita tumeingia mwaka 2012. Kwa hiyo yaliyotokea Ngara yalitokea nyumbani kwetu. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wengi wakakimbilia upande huu. Hawajatulia bado, ndipo yalipoanza mauaji ya Rwanda mwezi wa Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Wakatua penye jina la Benaco, ambalo ni jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara ile. Mahali palipokuwa nyika pakawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote ya ukanda huu, mji usio na nyumba hata moja ya matofali, ila majani na maturubai. Mimi wakati ule nalikuwa mwanafunzi mdogo wa shule ya msingi. Twakumbuka malori ya chakula yaliyotoka Isaka kupitia Lusahunga, mchana na usiku.

Sasa fikirini. Watu robo milioni wakivuka daraja moja katika siku moja, wakiwa na hofu, giza likiwakuta njiani, mtoto wa miaka mitatu akiachia nguo ya mama yake kidogo tu, atamwonaje tena? Wengine wazazi wao walikuwa wameuawa, ni kweli. Lakini wengi walikuwa wamepotezana tu. Katika nchi zote za Maziwa Makuu watoto waliotengana na jamaa zao kwa msiba ule walikuwa zaidi ya 100,000. Nawaomba mlishike jambo hili, maana hoja yangu yote yakaa juu yake: mtoto aliye peke yake wakati wa msiba si yatima mpaka ijulikane hivyo. Sisi twapenda kumwita yatima upesi. Tukisha kumwita hivyo, twaacha kumtafuta baba yake.

Tazameni yaliyotokea Goma mwezi wa Julai mwaka uleule. Watu wengi kupita wa Ngara waliingia Zaire kwa siku chache, kipindupindu kikawashukia, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu karibu 50,000. Watu wema wakafungua vituo vya watoto, ndani yake mna uji, maziwa, blanketi na daktari. Kukatokea nini? Wazazi maskini wenye njaa, waliokuwa hai, wakaanza kuwapeleka watoto wao wenyewe mlangoni pa vituo na kuwaacha, wakifikiri, heri aitwe yatima akale. Siwalaumu wazazi wale hata kidogo. Mama anayeona uji ulipo na mtoto wake analia, atafanya nini? Lakini mnaona jinsi wema uliojengwa kwa haraka ulivyovunja nyumba ambazo vita yenyewe haikuzivunja. Laiti uji ule ungalipelekwa mpaka kwenye turubai la mama, mtoto angalishiba akiwa mgongoni pake.

Huko Ngara njia nyingine ilishikwa. Kambi ya Benaco ilipangwa kwa kufuata walikotoka watu, wa tarafa moja wakae pamoja. Mtoto aliyeonekana peke yake aliandikwa, kisha akatafutiwa jamaa, jirani, au mama wa kwao ambaye angekubali kumlea katika turubai lake, mradi atembelewe na wenye kazi hiyo. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa Kihangaza, ambaye alifanya kazi ile ya kuandika watoto, alinieleza jinsi walivyofanya. Kihangaza na Kinyarwanda vyasikilizana, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alisema, “Mtoto mdogo ukimwuliza jina la baba, atakujibu Baba. Ukimwuliza kwao ni wapi, atasema Kwetu. Ukikasirika umempoteza.” Basi yeye hakuuliza hivyo. Alikaa chini pamoja na mtoto, akamwuliza, ukitoka mlangoni unaona nini? Ng'ombe wenu anaitwaje? Nani alikuwa akikuita kwa kelele ukienda mbali? Sokoni mlipita wapi? Msichana mmoja wa miaka minne hakujua lolote ila kwamba mbele ya mlango wao palikuwa na mparachichi, na kwamba bibi yake alikuwa na jicho moja. Mwalimu akaandika: mparachichi, bibi wa jicho moja. Akayasoma maneno hayo mbele ya wanawake wa tarafa moja baada ya nyingine waliokuja kuchukua maji, na siku ya sita mwanamke mmoja akatua ndoo yake chini, akasema, “Huyo ni wa kwa shangazi yangu.”

Kazi hiyo yataka daftari, kalamu, na mtu mwenye subira. Haina haja ya saruji.

Kwa watoto wadogo mno, wasioweza kusema hata mparachichi, zilitumiwa picha. Katika kambi za Goma watoto wapatao 12,000 walipigwa picha, na picha hizo zikabandikwa mahali pa watu wengi, wazazi wakapita wakitazama sura moja moja. Watoto wapatao 3,500 walitambuliwa kwa njia hiyo. Hata hivyo msiba haukuisha mara moja, maana mwezi wa Desemba 1996 ilipotolewa amri kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, karibu watu 500,000 wakaingia tena barabarani, na wengine wakapotezana na watoto wao mara ya pili.

Hapa mtaniuliza, na ni haki kuuliza: Je, katekista, mlezi aliyepewa mtoto wa mwenziwe ni mwema siku zote? La. Wako waliowachukua watoto ili wapate mtu wa kuchota maji na kuokota kuni, na posho ya mtoto ikaliwa na wengine. Hata kwetu tunawajua wajomba wa namna hiyo, ambao mtoto akifiwa na baba yake huja kumchukua kwa machozi mengi, na baada ya mwezi mtoto yuko machimboni akitwanga mawe na kuosha mchanga kwa zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa machimbo ya dhahabu ya Tanzania, na Geita ilikuwa mojawapo ya mahali walipopazungumza. Hatukuhitaji kuambiwa na wageni, tulikuwa tukiwaona wenyewe. Zebaki yaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto ambaye bado anakua huumia kuliko mtu mzima. Basi kumkabidhi mtoto kwa jamaa na kwenda zako si kumlinda. Mlezi apitiwe. Apitiwe bila kupiga hodi ya siku tatu mbele, na mtoto aulizwe akiwa peke yake, tena na mtu anayemjua.

Tena liko jambo zito zaidi, ambalo ningependa kulinyamazia lakini sina ruhusa. Mwezi wa Februari 2015, katika wilaya hii hii ya Chato, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino aliporwa usiku mikononi mwa mama yake. Mama alimng'ang'ania akakatwa kwa panga. Mtoto alionekana baadaye katika msitu wa upande wa Biharamulo, amekufa, viungo vimekatwa. Hapakuwa na vita hapa siku hizo, wala wakimbizi. Msiba wa watoto wale uliletwa na uchawi na tamaa ya fedha. Kabla ya hapo, kuanzia kama mwaka 2009, kwa sababu ya mauaji ya namna hiyo katika mikoa ya Ziwa, serikali ilikuwa imewakusanya watoto wenye ualbino katika vituo, mmoja wao ukiwa Buhangija, Shinyanga mjini. Watoto zaidi ya 200 waliwekwa mahali palipokusudiwa wachache.

Je, ilikosea? Mimi sitasema hivyo. Panga lilikuwa la kweli, na watoto wengi wako hai leo kwa sababu ya ule ukuta. Ikiwa hatari iko ndani ya kijiji chenyewe, pengine hata ndani ya ukoo, hapana budi mtoto aondolewe. Lakini watoto wale walikaa huko miaka. Wengine walikua bila kumwona mama, wakasahau lugha ya kwao, na wazazi wengine wakaona afadhali, mzigo umepata mchukuzi. Ukuta uliwalinda na panga, lakini ukuta haujui kumwambia mtoto kwamba amefanana na babu yake. Nyumba ya namna hiyo ni kama kamba ya kumwokoa mtu kisimani: itumike upesi, na mtu akishatoka asiachwe amefungwa nayo. Nani katika vigango vyetu alikwenda Shinyanga kuwatembelea wale waliotoka upande huu? Mwenye kujua anyoshe mkono, nami nitafurahi.

Nje ya nchi zetu pia wema bila daftari umeleta aibu. Mwaka 2007 Wafaransa wa chama kiitwacho L'Arche de Zoé walikamatwa nchini Chad wakitaka kupandisha watoto 103 katika ndege kwenda Ulaya, wakisema ni yatima wa vita ya Darfur. Ilipochunguzwa, wengi wao walikuwa watoto wa Chad, na wazazi au jamaa zao walikuwa hai. Nafikiri baadhi ya wale Wafaransa waliamini kabisa kwamba wanafanya neno jema.

Na sisi tuna mfano mzuri katika nchi yetu wenyewe, ambao vijana wengi hawaujui. Wakati wa vita kuu ya pili, tangu mwaka 1942, Wapolandi karibu 5,000 waliletwa Tengeru karibu na Arusha. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Urusi, kisha wakapitia Uajemi. Walikaa katika vibanda vya mviringo, mama na watoto wake katika kibanda chao, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Walikuwamo yatima wa kweli pia, na hao walitunzwa pamoja na wenzao, wakisoma kwa lugha yao. Makaburi yao yapo hata leo. Ona, hata wageni wa mbali namna ile, mtoto aliamka asubuhi akasikia sauti ya mama na kengele ya shule.

Shule, walimu wenzangu! Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye kazi yetu sisi wenye chaki. Mwezi wa Mei 2015 Warundi walikimbia tena, maelfu wakajaa katika kijiji kidogo cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1913, ikawachukua safari baada ya safari mpaka Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Madarasa hayakutosha, na watoto wakafundishwa chini ya miti. Mtu asiyejua watoto atasema, kwa nini kuhangaika na alfabeti wakati watu wanatafuta maji? Kwa sababu mtoto aliyepatwa na hofu anahitaji kujua kwamba kesho itafanana na leo. Saa ile ile, mti ule ule, mwalimu yule yule akimwita kwa jina lake, naye akiitika “Nipo.” Neno hilo dogo humtengeneza kuliko maneno mengi ya kumfariji. Twaliona hata kwetu Kagera tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipowaua watu 17 na kuharibu shule za Ihungo na Nyakato hata zikafungwa kwa muda.

Mtoto huyo atakapokuja darasani kwako, atakuwa na mambo yasiyokupendeza. Atasinzia, kwa kuwa usiku halali. Atakojoa kitandani ingawa ana miaka tisa. Atakaa kimya, au atapigana bila sababu. Wakati wa mchezo utamwona na wenzake wakichimba kaburi dogo mchangani na kuzika kijiti. Usiwapige, wala usiwafukuze wasicheze hivyo, maana ndiyo njia yao ya kulisema jambo ambalo midomo yao haiwezi. Usimwite mbele ya wageni asimulie jinsi baba yake alivyouawa, hata kama wageni hao wamekuja na msaada. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize mpaka mwisho. Na fimbo, nawasihi, iacheni kando. Mtoto huyo amekwisha kuona watu wazima wakipiga. Mara nyingi, akiwa na mtu mmoja wa kumtegemea, chakula, shule na wenzake wa kucheza, hali hizo hupungua zenyewe kwa miezi. Wachache hazitapungua, nao wapelekwe hospitali, wasipelekwe kwa mganga.

Basi fedha iliyochangwa tuifanyie nini? Shauri langu ni hili. Kila kigango kiwe na daftari la watoto: jina la mtoto, la baba, la mama, la ukoo, mahali nyumba ilipo, na alama mojawapo ya kumtambulia. Na daftari la pili, dogo, la nyumba ambazo ziko tayari kupokea mtoto usiku wowote, nyumba zilizotazamwa na wazee na kukubaliwa na afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujitwalia mtoto wa mwenziwe kwa huruma zake tu. Fedha iwe ya magodoro ya nyumba hizo, unga wa miezi ya kwanza, madaftari na sare za shule, na mafuta ya pikipiki ya wale watakaozipitia. Kikibaki kitu, kijengwe chumba kimoja tu penye parokia, mtoto alale siku mbili tatu wakati anatafutiwa watu wake. Chumba, si nyumba ya miaka.

Madaftari hayo yafungiwe sandukuni, ufunguo kwa mtu mmoja. Kwa yale niliyowaambia ya mwaka 2015 mnajua sababu yake: orodha ya watoto ni mali mikononi mwa mwovu. Vivyo hivyo picha ya mtoto aliyepotea isirushwe katika simu za watu huku na huku. Ipelekwe polisi na kwa afisa ustawi. Kila mwalimu awafundishe wanafunzi namba 116, ambayo mtoto hupiga bure akiwa hatarini. Na akina mama, tangu mtoto anapoanza kusema, mfundisheni kwa kumwimbia jina lake lote, jina la baba yake, la mama yake, na la kijiji. Mwaka 2020 Ziwa letu lilipanda hata likafunika nyumba za pwani mahali pengi, na watu wakahama usiku. Mtoto wa mwaloni ambaye anajua tu kwamba mama yake anaitwa Mama, usiku kama ule ni nani atamrudisha?

Najua wako watakaosema kwamba daftari halionekani kutoka barabarani, na kwamba Askofu akija hatutakuwa na jiwe la msingi la kumwonyesha. Ni kweli. Tumwonyeshe nyumba ya mjane mmoja wa kigango ambaye ameongeza godoro.

Madaftari ya kwanza yamekwisha kununuliwa, yapo kwa katibu wa parokia. Kila kigango kitapewa mawili, na vya mialoni na vya machimboni vitapewa manne, kwa sababu huko watu huja na kuondoka, na watoto wengi hawajulikani ni wa nani. Walimu waje kuyachukua leo kabla ya chakula, na kila mmoja atie sahihi.